Maili Kumi na Tatu kwa Goti la Oundo

Goti la Oundo lilivunjika kwa pigo moja, na mlio wake Edimu aliusikia kwanza mkononi, ndani ya rungu, kabla haujafika masikioni. Ulikuwa mlio wa muhogo mkavu. Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa saba, mwaka 1964, kwenye barabara ya Tororo, maili nne kutoka Busia, na umande ulikuwa bado umelala majanini. Mtu aliyekuwa chini alifungua kinywa apige ukelele, ukelele ukagoma kutoka. Akabaki amekodoa macho tu, kama samaki aliyetupwa mchangani.

"Mpige kichwa," mtu alisema kwa nyuma.

Edimu hakupiga kichwa. Lakini wengine walikuwa wamekwisha fika, na mateke, fimbo na mipini ya majembe ilikuwa inashuka kama watu wanaopura wimbi.

Upande ule wa Bukedi, nduru ikipigwa, hakuna mwanamume anayeuliza ni ya nini. Anashika kilicho karibu, anatoka mbio kuelekea sauti. Anayebaki kitandani ataitwa kesho yake kwa mkuu wa muluka, yule anayetawala vijiji kadhaa, aeleze alikuwa upande wa nani, wa wenzake au wa mwizi. Na mwaka ule wezi walikuwa wengi. Ng'ombe walikuwa wanalala Uganda wanaamka Kenya. Wiki moja tu kabla ya asubuhi ile, Edimu mwenyewe alikuwa ameamka akakuta zizi liko wazi na maksai wake wawili hawapo, mmoja mwekundu na mmoja wa madoadoa, na plau imelala ubavu katikati ya shamba la pamba lililolimwa nusu. Tangu siku hiyo alikuwa analala na rungu chini ya mkeka. Mkewe, Alupo, alisema ni kama kulala na mke wa pili, tena mwenye mifupa.

Kwa hiyo mama mmoja aliyekwenda kisimani alipomwona mtu mzima anakimbia kuelekea mpakani, kaptura fupi, fulana, hana jembe, hana ng'ombe, hana mgonjwa wa kumkimbilia, alifanya alivyofundishwa na mamaye. Alitua mtungi, akashika kiuno, akapiga nduru.

Walipomzingira yule mtu, alisimama akainua mikono. Hakuonekana hata kuogopa. Alikuwa anahema tu.

"Mimi nafanya mazoezi," alisema.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya mbio."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Katika watu kumi na wawili waliokuwa pale, hakuna aliyewahi kuona mtu mwenye akili timamu anakimbia bila kufukuzwa. Edimu aliona kama maksai wake wawili wamesimama nyuma ya mtu yule, akazungusha rungu.

Mchuuzi mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli ndiye aliyepiga breki na kusema, "Nyinyi mnaua Oundo? Huyo si fundi baiskeli wa Busia?" Watu walitawanyika wakaingia mihogoni kama maji yanavyoingia mchangani. Edimu alibaki. Baadaye kijijini walimsifu kwamba hakutoroka, lakini ukweli aliujua mwenyewe: miguu ilikuwa imekataa kwenda. Alisimama na rungu lake mpaka polisi walipokuja.

Hospitali iliunga mfupa, ukaungika vibaya. Mguu wa kulia wa Oundo ukawa mguu wa meza, haukunjiki. Mahakamani Tororo, Edimu alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Mheshimiwa, ningekosa kuitika nduru ningeshtakiwa. Nimeitika, nashtakiwa."

"Hushtakiwi kwa kuitika," hakimu alimwambia. "Unashtakiwa kwa goti."

Akapewa miezi minane. Huko ndani alipasua mawe mchana na kupigana jioni, kwa sababu mfungwa mmoja mkubwa aliamua kwamba posho ya Edimu ni posho yake. Edimu alipoteza meno mawili ya mbele, yule mkubwa akapoteza kipande cha sikio, na baada ya hapo kila mmoja alikula chake.

Nje mambo hayakuwa mazuri kuliko ndani. Odwori, mdogo wake Oundo, alikuja na binamu watatu wakavunja ghala la Alupo, wakakanyagia wimbi kwenye matope, wakaua mbwa kwa jiwe. Alupo alisimama mlangoni na panga, mtoto wao Okware mgongoni, akawaambia ghala wachukue, lakini atakayevuka kizingiti atarudi kwao na mkono mmoja. Hawakuvuka. Ila Odwori aliahidi kurudi, na Edimu alipotoka gerezani mwezi wa tano, jambo la kwanza alilouliza si habari za shamba. Aliuliza, "Wamerudi mara ngapi?"

"Mara mbili," Alupo alisema. "Baba Okware, hii vita maliza. Mimi mikono yangu imechoka kushika panga, nayo inatakiwa kushika jembe."

Ndipo wakakutana uani kwa mkuu wa muluka, mtu mfupi mwenye pumu na haraka. Chungu cha pombe ya wimbi kilikuwa katikati, maji ya moto yameshamiminwa, mirija miwili mirefu imesimama ndani, mmoja wa Edimu na mmoja wa Oundo. Watu wa pale waliopigana wakinywa chungu kimoja, ugomvi umekwisha. Atakayeufufua atapigwa na pande zote mbili. Oundo alikuja na magongo mawili ya mti. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, uso hauna hasira wala huruma, kama ukuta. Mama yake, Aidah, alikaa nyuma yake. Odwori hakukaa.

"Edimu anatoa mtamba mmoja," mkuu alisema. "Mzuri, nimemwona. Mnasemaje?"

"Ng'ombe iko na miguu nne," Oundo alisema, "lakini haiwezi kukimbia kwa ajili yangu."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Kuna mbio ya siku ya Uhuru. Maili kumi na tatu. Ile kubwa kabisa ya wazungu ni ishirini na sita, wanaita marathoni, hii ni nusu yake. Inaanza Masafu inakwisha Busia. Mimi nilijitayarisha miezi mitano. Mwaka jana walikimbia, mimi niko kitandani nasikia filimbi." Aliusukuma mrija wake bila kunywa, ukaegemea upande wa Edimu. "Mwaka huu iko tena. Huyu ataingia, mahali pangu. Ataanza Masafu, atafika Busia, hatatembea hata hatua moja."

"Na akitembea?"

Odwori ndiye aliyejibu. Alichukua kitu kilichofungwa kwenye gunia, akakifungua, akakilaza chini kwa upole kama mtu anayelaza mtoto. Edimu alilijua rungu lake. Polisi walikuwa wamemaliza kulionyesha mahakamani, Odwori akaliomba, wakampa.

"Akitembea, goti kwa goti," Odwori alisema.

Mkuu wa muluka alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Hilo mimi sikulisikia," alisema. "Nilikuwa nakohoa. Edimu, unakubali?"

Edimu alitazama miguu yake. Ilikuwa miguu ya kufuata plau, mipana, yenye nyufa. "Maili kumi na tatu," aliuliza, "ni kutoka hapa mpaka wapi?"

"Mpaka ukome kuniuliza," Oundo alisema.

Akakubali. Angefanya nini? Shamba halilimwi na mtu wa goti moja.

*

Odwori ndiye aliyekuwa kocha, kama fimbo inaweza kuitwa kocha. Kazi yake ilikuwa kuchuuza samaki wakavu toka ziwani, na kila asubuhi ya siku ya kazi alipita kwa Edimu na baiskeli yake, kikapu cha ngege nyuma, rungu limefungwa kwenye fremu, ufito mkononi.

"Amka, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Najua. Dada yangu hangekutaka. Lakini lazima nikuite kitu."

Siku ya kwanza Edimu alikimbia maili moja, mpaka kijitoni, akatapika uji wote. Odwori alimngoja amalize, kisha akamchapa ufito kwenye mashavu ya miguu, mara mbili, bila chuki, kama mtu anayefukuza mbuzi. Siku ya pili akamchapa tena. Siku ya nne Edimu aligeuka, akaukamata ufito, akauvunja gotini, wakapigana pale barabarani mpaka ngege wakamwagika na mbwa wa watu wakafurahi. Odwori alivuja damu puani. Edimu jicho lilifumba. Walipochoka waliokota samaki pamoja, kwa sababu samaki hawana kosa.

"Kesho," Odwori alisema akipangusa pua, "nitakata ufito mwingine."

Alupo alimkanda miguu kwa maji ya chumvi. "Unakimbia kama mtu aliyejitwika chungu," alimwambia. "Mabega juu, shingo hakuna. Nani alikuambia mbio ni ya mabega?"

"Nani alikuambia wewe?"

"Mimi nimekimbia na mtoto mgongoni na panga mkononi. Najua zaidi yako."

Mwezi wa nane likamkuta lile lililokuwa linamngoja. Alikuwa amefika maili sita kwa mara ya kwanza, mbali kidogo na njia ambako watu wanamjua, Odwori amebaki nyuma anaunga mnyororo wa baiskeli. Jua lilikuwa halijachomoza. Edimu alisikia sauti ya mwanamke, nyembamba, ndefu, ikipanda juu ya mihogo, na ngozi ya kichwa ikaijua kabla yeye mwenyewe hajajua. Ilikuwa nduru. Na ilipigwa kwa ajili yake.

Walitoka pande zote. Panga, fimbo, mchi. Aliona nyuso zao, na kilichomtisha si ukali. Walikuwa kama watu waliofurahi kidogo. Akainua mikono. Alijua afanye nini, kwa maana alikuwa amemwona mwenzake akifanya.

"Nafanya mazoezi," alisema.

"Nani anakufukuza?"

Edimu akafungua kinywa. Akatafuta jibu lingine, lolote, uongo wowote. Akasema, "Hakuna."

Bapa la panga lilimpiga mgongoni akaanguka. Jiwe lilimpasua juu ya jicho. Mtu mmoja alimkanyaga mkono, mwingine akamshika mguu na kuunyoosha, na Edimu akaelewa unanyooshwa kwa nini, akapiga ukelele wa mtoto. Kupitia katikati ya miguu ya watu aliona magurudumu ya baiskeli yamesimama. Odwori alikuwa amefika. Alikuwa amekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, anatazama. Alitazama pigo moja. Akatazama la pili. La tatu lilipoinuliwa, ndipo aliposhuka.

"Mwacheni," alisema. "Huyo ni wangu."

"Kaiba nini?"

"Hajaiba. Anajifunza kukimbia."

Watu walitazamana. Mzee mmoja mwenye mchi aliuliza, kwa adabu kabisa, "Hakufundishwa utotoni?"

Wakacheka. Walicheka wote, na mmoja akamletea Edimu maji kwenye kibuyu, maana sasa alikuwa mgeni. Edimu alikunywa, maji yakachanganyika na damu mdomoni. Karibu na kwake aliuliza, "Mbona hukusema mapema?"

"Oundo nani alimsemea?"

Lakini tangu siku hiyo Odwori alipiga kengele ya baiskeli kila walipokaribia nyumba za watu, na kuimba kwa sauti mbaya kwamba anapita na mwendawazimu wake.

Halafu, mwezi wa tisa, jambo la ajabu. Kulikuwa na kilima kimoja ambacho Edimu alikichukia kuliko hakimu. Asubuhi moja alikipanda akiwaza habari za mbegu za pamba, na alipofika juu akasikia kimya nyuma yake. Odwori alikuwa katikati ya kilima anasukuma baiskeli, anatukana. Edimu alisimama pale juu, kifua kinapanda kinashuka taratibu, upepo unampoza makwapa, na bonde lote la Busia mpaka Kenya liko chini yake. Alihisi furaha. Furaha ile ilimtia aibu kama mtu aliyekutwa anakula kilichowekwa kwa mgonjwa. Hakumwambia mtu, hata Alupo.

*

Tarehe tisa mwezi wa kumi, siku ya Uhuru, saa moja asubuhi, watu thelathini na saba walipanga mstari Masafu. Mwalimu mmoja ndiye aliyepima njia, kwa kufunga kitambaa kwenye spoku ya baiskeli na kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na kwa kuwa barabara ilikuwa pungufu, aliwazungusha kwanza mashambani mpaka zitimie maili kumi na tatu. Walikuwepo makarani wenye viatu vya turubai, wanafunzi, watu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na mpasua mbao mmoja toka Tororo, kifua kama pipa. Edimu alikuwa peku, amevaa kaptura ya gerezani aliyotoka nayo. Odwori alikuwa kando na baiskeli, rungu kwenye fremu.

Filimbi ilipolia, mpasua mbao alitupa kiwiko apate nafasi, kikampata Edimu kwenye midomo, pale pale penye pengo. Edimu alimeza damu akakimbia. Maili tatu za kwanza alikuwa na hasira, na hasira ni mbio nzuri lakini ni fupi. Maili ya nne hasira ilikwisha. Ikabaki kazi. Alishusha mabega. Aliwaacha wanafunzi wawili waliokuwa wameanza kama paka na sasa wanashika mbavu. Maili ya nane walikuwa wamemwaga kokoto mpya barabarani, kali kama chupa, na unyayo wake wa kushoto ukapasuka kando ya dole gumba. Alijua kwa ule utelezi.

"Unaacha alama nyekundu," Odwori alimwambia akienda sambamba. "Vizuri. Hata ukipotea tutakupata."

"Imebaki ngapi?"

"Nyingi."

Maili ya kumi msuli wa paja ulijikunja kama nyoka aliyekanyagwa, Edimu akaanguka kifudifudi. Alisikia baiskeli ikilazwa. Akasikia kamba ikifunguliwa kwenye fremu. Odwori alikuja akachuchumaa karibu na kichwa chake, rungu magotini.

"Pumzika ukitaka," alisema. "Mimi samaki yangu imekauka tayari, haiozi."

"Kaka yako alisema nisitembee," Edimu alisema, mchanga mdomoni. "Hakusema nisianguke."

Odwori alifikiri. "Kweli," alisema. "Lakini huwezi kuanguka mpaka kesho."

Edimu alilipiga paja lake ngumi, mara nne, tano, mpaka msuli ukaogopa. Akasimama kwa mguu mmoja. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya hatari, kwa sababu mwili wote ulitaka iwe ya kutembea. Akaruka. Alikuwa anachechemea, lakini miguu yote miwili ilikuwa inaiacha ardhi, na Odwori aliyeinama kuangalia akalifunga rungu tena kwenye fremu.

Busia ilianza kuonekana, mabati yanameremeta, ng'ambo yake Kenya. Na hapo mbele, maili moja tu kabla ya mwisho, alikuwepo mpasua mbao. Alikuwa anatembea. Kifua kilikuwa kimemshinda kukibeba. Edimu alimpita upande wa mtaro, na alipompita alihisi mkono umeingia kwenye mkanda wa kaptura yake, ukamvuta.

Walianguka mtaroni pamoja. Mpasua mbao alikuwa mzito, na hasira ya aliyeshindwa ni nzito zaidi. Alimpiga Edimu sikio, akampiga shingo, akajaribu kumkalia kichwa. Edimu alimuuma mkono mpaka mfupani. Yule akabingirika kando, na Edimu akajikuta juu yake, jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto liko mikononi, hajui limefikaje. Mguu wa mpasua mbao ulikuwa umelala juu ya ukingo wa mtaro, umenyooka, goti juu. Lilikuwa goti zuri, limejaa. Mikono ya Edimu ilikuwa imekwisha inuka. Ilikuwa inajua kazi hiyo, ilikuwa imeifanya vizuri, na hakuna aliyekuwa anaizuia. Hata Odwori alitazama tu.

Mpasua mbao alifumba macho.

Edimu aliliacha jiwe lianguke nyuma yake. Lilimpiga kisigino mwenyewe. Akatoka mtaroni kwa mikono na magoti, na alipopata kusimama alikuwa tayari anakimbia.

"Ulikuwa na nafasi," Odwori alisema alipomfikia. Sauti yake ilikuwa ngeni.

"Nyamaza, ninakimbia."

Kamba ilikuwa imefungwa kati ya miti miwili karibu na soko, hatua chache kutoka mpakani, na mshindi aliyeikata alikuwa amekwisha kunywa soda ya pili. Edimu alifika wa kumi na tisa. Alupo alikuwepo, Okware mgongoni. Hakupiga vigelegele. Alitazama miguu ya mumewe, akahesabu magoti, mawili, akakaa chini palepale vumbini.

Oundo alikuwa juu ya sanduku la bia, saa ya kuazima mkononi. Edimu alisimama mbele yake, anayumba, damu mdomoni na miguuni.

"Saa moja na dakika hamsini na tatu," Oundo alisema.

"Mwanangu angefika," Aidah alisema nyuma yake, "angeoga, angekula, angerudi kukutazama."

"Alitembea?" Oundo alimuuliza mdogo wake.

Odwori alitazama rungu kwenye fremu. Edimu alijua neno moja tu lilikuwa linatosha. "Alianguka mara mbili," Odwori alisema. "Hakutembea."

"Basi imekwisha," Oundo alisema. "Nenda nyumbani." Akageuza uso akatazama wengine waliokuwa bado wanakuja.

*

Jumatatu ya pili yake, majeraha yakiwa yameshika gamba, Edimu aliamka kabla ya jua kama alivyozoea. Hakukuwa na kengele ya baiskeli nje. Hakukuwa na ufito. Alikaa kitandani.

"Lala," Alupo alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Alijaribu mpaka jua likapanda. Kisha akavaa kaptura.

Alimkuta Oundo mlangoni pa karakana yake, mguu umenyooshwa mbele, gurudumu mapajani. Duka la mkabala lilikuwa na saa kubwa ya ukutani, nayo ilikuwa inakaribia saa tatu. Oundo alipomwona anafika mbio, mtu yule yule, barabara ile ile, spana ilimtoka mkononi kabla hajaamua. Ilimpata Edimu begani. Edimu aliiokota, akaifuta, akairudisha.

"Nilikuambia imekwisha."

"Ndiyo."

"Sijakusamehe. Usije hapa kuomba msamaha."

"Sikuja kwa msamaha," Edimu alisema. "Nimekuja kuuliza habari ya kilima. Nikipanda, pumzi inakwisha kabla ya miguu. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Taya la Oundo lilikuwa linakwenda kama anatafuna kitu kigumu. Mkono uliokuwa na spana uliinuka tena, na Edimu hakusogea. Ukashuka.

"Wewe unatazama juu ya kilima," Oundo alisema mwishowe, kwa hasira. "Nimekuona unavyoingia Busia, kichwa juu kama twiga. Tazama mawe ya mbele yako, hatua tatu tu. Na mikono. Mikono yako inachimba. Nani anachimba barabarani?"

"Nikirekebisha hayo?"

"Utatoa dakika kumi. Mimi ningekimbia kwa saa moja na dakika ishirini na tano, na hiyo siyo majivuno." Alisokota spoku, akaijaribu kwa kidole. "Mwakani saa moja na nusu. Ukifika hapo, mwaka ule mwingine marathoni yote, Tororo mpaka hapa. Ukishindwa, usinipitie tena hapa."

"Saa moja na nusu ni dakika ishirini na tatu za kutoa."

"Kuhesabu unajua. Kukimbia bado."

Edimu alisimama akiipima namba ile kichwani, na kila alipoipima ilikuwa haiwezekani, na kila ilipokuwa haiwezekani miguu ilimwasha. Ng'ambo ya barabara mwenye duka alikuwa anafungua madirisha.

"Umesimama nini?" Oundo alisema bila kuinua uso. "Kwako ni maili nne, mwambie mtu wa huko mwenye saa atazame umetumia dakika ngapi. Saa tatu kamili hiyo."

Edimu alikuwa amekwisha geuka.